Kabati la Injini za Fundi Faraji

Siku niliyostaafu, vijana wa karakana ya mabehewa walinipa saa ya ukutani na daftari lenye jalada gumu. Saa nimeitundika sebuleni. Inachelewa dakika nne kwa siku, nami siisahihishi kwa kuwa sina tena pa kuwahi. Daftari ndilo lililonisumbua. Aliyenikabidhi alisema, "Tuandikie, Fundi Shee, kazi ilivyokuwa enzi zenu," akacheka, kisha wakala keki yote wakanibakishia kipande kimoja.

Haya, naandika. Vyeo sitaviandika. Nani alipandishwa na nani aliachwa, hayo yamo kwenye majalada ya ofisini, na anayeyataka aende akayasome kabla mchwa hawajayamaliza. Nitaandika habari za mbao na vioo, na habari za kosa moja nililolifanya kwa ustadi mkubwa. Makosa ya uzembe kila mtu anayo, hayana haja ya daftari.

Niliingia karakana ya reli vita vya pili vikiwa vinaendelea. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mbili, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, kichochoro cha nyuma ya Ndia Kuu, na tayari nilijiona fundi. Baba yangu alikuwa akitengeneza milango na vitanda, nami nilikuwa nimeshaunda milango mitano kwa mkono wangu. Nilikwenda na kikapu cha vyombo vyangu: randa mbili, patasi nne, msumeno, nyundo na keekee ya kutobolea. Msimamizi wa maseremala alikuwa Kalasinga mmoja mtu mzima, Santokh kwa jina, ambaye sote tulimwita Mistri. Alivitoa vyombo vyangu kimoja kimoja akavipanga juu ya meza. Patasi mbili akazirudisha kikapuni. Zile zilizobaki nikajua ndizo nilizoruhusiwa kufanyia kazi.

Akanipa ubao wa mvule, akaniambia niurande mpaka atakapokuja. Nilianza saa moja asubuhi. Saa sita alikuja, akauinua ubao, akautazama kwa upande dhidi ya mwanga wa mlangoni, akaupitishia ukucha.

"Mzuri," akasema. "Sasa kata kabari."

Ubao wa saa tano, nikaukata kabari za kuzuia magurudumu. Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Mama yangu alipouliza habari za kazi nikamwambia kwamba nimepewa kazi ya kuni. Miezi ikapita ndipo nilipogundua kwamba kila seremala mgeni alipewa ubao ule ule na kabari zile zile. Mistri alitaka kuona kama utaukata vibaya kwa kususa. Wawili kabla yangu waliususia, na hawakudumu.

Kazi yetu ilikuwa mabehewa ya abiria: sakafu, viti, fremu za madirisha, milango. Mbao mpya zilikuwa adimu kwa ajili ya vita, kwa hiyo tuliishi kwa kula maiti. Behewa likichakaa kupita kiasi lililetwa uani, tukalivunja, na mvule na msaji wake tukautia katika behewa jingine. Misumari tuliing'oa na kuinyosha. Nyinyi wa leo mnapigilia msumari, ukipinda mnautupa na kuchukua mwingine, na mnaita hiyo kasi. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba viti nilivyoviunga kwa ndimi na matundu, bila ya msumari hata mmoja, niliviacha vikikaliwa siku niliyoondoka.

Fundi Faraji nilimjua kwa sababu ya kitasa. Yeye alikuwa upande wa vyuma, ng'ambo ya uwanja, mtu wa makamo, mwembamba, kofia yake ya vito, ya kushonwa kwa mkono, haimtoki hata katikati ya masizi. Nilimpelekea kitasa cha mlango wa behewa kilichokuwa hakishiki, nikamwambia kimekaa vibaya. Alikitia katika jiriwa, kile kibanio cha mezani, akakijaribu mara tatu, akakitoa.

"Kitasa hakina neno," akasema. "Mlango wako ndio uliokwenda kombo. Ndoo, twende nikuonyeshe."

Akaacha kazi yake akaja mpaka kwenye behewa langu. Mlango ulikuwa umekwenda kombo kweli, unene wa kadi. Mistri hakuwa ameuona. Tangu siku ile kila nilipomaliza mlango nilimwita Fundi Faraji autazame kabla ya Mistri, na urafiki wetu ukaanzia hapo, kama unaweza kuuita urafiki uhusiano wa mtu kukuonyesha makosa yako kila wiki.

Nyumbani kwake nilikwenda mara ya kwanza siku ya Idi. Aliishi na mkewe Bi Rukia katika nyumba ya mawe, mtaa wa pili kutoka kwetu, nyumba ya urithi, kuta nene za matumbawe na chokaa. Ukumbi wake ulikuwa na vidaka ukutani, vile vijumba vilivyochongwa katika lipu, ambamo wazee wetu waliweka sahani za kauri na mirashi ili mgeni akiingia avione. Kwa Fundi Faraji niliingia nikakuta vidaka havina sahani hata moja. Vilikuwa na magari ya moshi.

Injini nane, nyingine na mabehewa yake, kila moja karibu urefu wa mkono kutoka kiwiko mpaka vidoleni. Alikuwa amezitengeneza mwenyewe kwa miaka ishirini. Bati lilitoka kwenye madebe ya mafuta ya taa na makopo ya maziwa, dohani zilitokana na vipande vya bomba la shaba, fito za magurudumu ni waya. Kila injini iliyokuja karakana kutengenezwa na ikampendeza, aliipima kwa kamba wakati wa chakula, akaenda kuiunda nyumbani kwa mkasi wa bati na chuma cha kulehemu. Wafanyakazi tulikuwa na majina ya utani ya injini, na zake zilikuwa na majina yale yale. Ya kwanza aliyoiunda, ndefu kuliko zote, ni Bi Mkubwa. Iliyokuwa na dohani fupi iliitwa Kipara. Nilipoziona, Bi Mkubwa halisi ilikuwa imekwisha kukatwakatwa chuma chakavu, na Kipara ilikuwa mbioni kuifuata. Ukitaka kujua zilivyokuwa, ilikuwa uende kwa Fundi Faraji.

"Sahani za bibi yangu zi sandukuni," Bi Rukia aliniambia, akinimiminia kahawa. "Zimepisha vyuma. Wamuona mtu kama huyu?"

"Sahani hazendi popote," alisema Fundi Faraji.

"Na hivyo vyako vyenda wapi?"

Walikuwa wakiteta hivyo mbele ya kila mgeni. Nilikuja kuona kwamba ni namna yao ya kukaribisha.

Macho yake yalianza kuharibika mwaka wangu wa tatu kazini. Mwanzo alilalamikia taa za karakana, kisha akalaumu miwani, kisha hakulaumu tena kitu. Daktari alimwambia yaliyokwisha kufa ndani ya jicho hayafufuki. Alipokata bamba moja fupi kwa nusu inchi, yeye ambaye hakuwahi kukosea, alifuta mikono, akakunja aproni, akaenda ofisini mwenyewe kuomba aachishwe. Hakungoja kuambiwa. Karakana haikunoga tena kwangu kwa muda mrefu, nami sioni haya kusema hivyo.

Nikawa naenda kwake kila Ijumaa baada ya sala. Ijumaa ndiyo siku aliyokuwa akizihudumia injini zake. Alikaa juu ya mkeka, Bi Rukia akampa kopo la mafuta ya cherehani na kitambaa cha kanzu kuukuu, naye akazitoa vidakani moja moja, akazipaka na kuzipangusa kila pembe, mpaka chini ya magurudumu, akazirudisha. Alikuwa akifanya hivyo tangu ana macho. Sasa alifanya kwa vidole, naye hakukosea jina. Ilimchukua kutoka adhuhuri mpaka alasiri. Nilikaa naye tukazungumza, au tukanyamaza.

Ijumaa moja aliirudisha Kipara, akakosa ukingo wa kidaka kwa upana wa kidole, ikaanguka sakafuni. Dohani ikang'oka na gurudumu moja likapinda. Aliitafuta sakafuni kwa viganja, nami nikamwokotea. Nilipokuwa natoka, Bi Rukia alinifuata mpaka daka la nje, kile kijiukumbi cha mlangoni, akashusha sauti.

"Shee mwanangu, mzee wako yuwavunja vitu vyake mwenyewe. Leo ni Kipara, kesho ni ipi? Na hawezi kuziunda tena. Zikesha ndo zimekwisha. Nifanyie hisani, vitie kioo vile vidaka."

"Nitatia, Bi. Nitaweka na kijilango na komeo."

"Mlango usitie. Ukitia mlango atafungua, namjua."

Sikuona ubaya wa neno lile. Niliona ni la mke anayejua mambo ya nyumbani mwake. Nilikwenda kumwambia Fundi Faraji kwamba nataka kumtengenezea kabati la vioo palepale ukutani, ili injini zikae salama. Alikuwa ameishika Kipara mapajani.

"Fanyani muonavyo," akasema.

Nami nikalichukua jibu lile kuwa ni ruhusa.

Vijana, hapa nitaeleza kazi kwa urefu, maana ilikuwa kazi nzuri. Fremu nilizifanya kwa msaji wa behewa la daraja la kwanza lililovunjwa, kwa cheti cha lango kilichotiwa sahihi na Mistri, asije mtu akasema niliiba. Vioo vilikuwa vya madirisha ya behewa lilo hilo. Vidaka havikuwa sawa hata kimoja, kwani aliyevichonga alipima kwa jicho lake na Mungu akamsamehe, kwa hiyo kila fremu niliipima peke yake na kuiranda mpaka ikaingia kwa kusukumwa na gumba. Kioo nilikishikilia kwa vipande vyembamba vya mbao kwa ndani, na kwa nje nikakipiga puti, ule unga wa chaki uliokandwa na mafuta ya kitani. Kila upenyo kati ya fremu na lipu niliuziba kwa puti vilevile. Nilikusudia sisimizi asipite. Na kweli hakupita.

Kabla sijaanza, Mistri aliniuliza msaji wa nini. Nilipomweleza akauliza, "Kwa nini ukutani? Fanya kabati la miguu. Liweke mbali na ukuta, vidole vinne. Nyuma utoboe matundu."

Nilimwitikia kwa adabu, na moyoni nikamcheka. Nilisema, huyu kwao hawana vidaka. Sisi watu wa nyumba za mawe tumeweka vitu vya thamani vidakani tangu mababu, na sahani ya bibi yake Bi Rukia imekaa humo miaka isiyohesabika bila ya kupata doa. Kabati la miguu ni la mtu asiyekuwa na ukuta wa maana. Hivyo ndivyo nilivyofikiri, na nilikuwa nimekulia ndani ya kuta hizo hizo, nikijua fika kwamba wakati wa masika zinatoka jasho. Kanzu ukiitundika kwenye ukuta wa mawe wakati wa mvua, asubuhi ina alama za chumvi. Nalijua hilo kabla sijajua kusoma. Lakini sahani haioti kutu, na sisi tulikuwa watu wa sahani.

Fremu nilizitia kwa Ijumaa mbili. Ya kwanza nilipima, ya pili nikafunga. Kipara niliilehemu mwenyewe dohani yake, vibaya kidogo, nami naliungama hilo pia. Nilipomaliza kidaka cha mwisho, ukumbi ulipendeza. Injini zilikaa nyuma ya kioo kama bidhaa za duka kubwa. Bi Rukia alisimama katikati akapiga kigelegele kimoja kifupi. Fundi Faraji alinyanyuka mkekani, akaja polepole, akagusa kioo. Akapitisha vidole kwenye fremu, pande zote nne.

"Na mlango u wapi?" akauliza.

"Hauna mlango, Fundi. Ili vumbi lisiingie."

"Haya," akasema, akarudi kukaa.

Aliisifu kazi. Alisema pembe za fremu zimekutana vizuri. Nilirudi kwetu nikiwa na furaha, kwa sababu katika miaka yote ile ilikuwa mara ya kwanza anaipitisha kazi yangu bila ya kuonyesha kasoro.

Haukupita mwezi nikapelekwa Voi, mimi na maseremala wengine watatu, kutengeneza mabehewa ya mizigo. Ilikuwa iwe wiki sita, ikawa miezi mitano. Voi sina la kusema ila kwamba vumbi lake ni jekundu na mchele ulikuwa na mawe. Masika ilipita Mombasa mimi sipo.

Niliporudi nilikwenda kumwamkia siku ya pili, asubuhi, si Ijumaa. Alikuwa ametoka kwenda kinyozi na mtoto wa jirani. Bi Rukia alinikaribisha, akaanza kuniuliza habari za bara. Nilikuwa nikimjibu huku natazama kidaka cha chini, kile cha Bi Mkubwa. Kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Nyuma ya ukungu mlikuwa na rangi ambayo haikuwa ile niliyoiacha. Chini ya fremu, kwenye lipu nyeupe, palikuwa na michirizi ya kahawia.

"Hiyo ni mbao zako zatoa rangi," alisema Bi Rukia aliponiona natazama. "Nasugua kwa ndimu kila wiki, yarudi."

Nikamwambia ndiyo, msaji mwingine hutoa rangi. Uongo huo ulinitoka wenyewe. Kahawa nikaiacha nusu, nikaondoka.

Siku tatu nilifikiri namna ya kutoka. Nasema kweli, nilifikiri yale ambayo mtu mwoga hufikiri. Mwenye mali haoni. Mkewe anadhani ni rangi ya mbao. Karakana yetu ilikuwa na fundi rangi mzuri. Ningeweza kusema nakuja kusafisha kioo, nikazitoa injini, nikazikwangua na kuzipaka rangi, nikazirudisha na kuziba. Nani angejua? Nilikwenda kwa Mistri kumwomba ruhusa ya siku moja, naye akauliza kwa ajili ya nini, nikajikuta namweleza yote. Hakuniambia, "Nilikwambia." Alikuwa anaranda, akaendelea kuranda.

"Zile injini," akasema, "miaka ishirini hazikupata kutu ukutani?"

"Hazikupata."

"Nani alipaka mafuta?"

"Mwenyewe. Kila Ijumaa."

"Na sasa?"

"Sasa kuna kioo."

Aliinua randa akaitoa maranda mdomoni mwake, akaitua mezani. Akanipa ruhusa ya siku moja.

Pale ndipo nilipoelewa nilichokifanya. Si ukuta peke yake. Ukuta ulikuwa ukitoka jasho miaka yote, na kila wiki palikuwa na mkono unaofuta. Mimi niliziba jasho ndani na mkono nje.

Nilikwenda Ijumaa, baada ya sala, saa ile ile ya zamani. Alikuwa juu ya mkeka wake, mikono mitupu mapajani. Kopo la mafuta halikuwapo.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Shee. Nimesikia umerudi. Voi hawajui kula, eti?"

"Hawajui." Nikakaa. "Fundi, nimekuja kwa jambo. Injini zimeingia kutu. Ni kosa langu."

"Najua," akasema.

"Bi amekwambia?"

"Yeye hajui. Yeye yuwasugua rangi ya mbao." Akaelekeza kidole kwenye kidaka cha chini, bila ya kukosea. "Hapo tini ya fremu maji yatoka. Tangu mvua za kwanza. Nikayagusa, nikayaonda. Miaka thalathini nimekula kutu, nisijue ladha yake?"

"Mbona hukusema? Ungalinitumia neno Voi, ningalikuja. Ungalimwambia Bi aite mtu, akavunja kioo."

Alikuwa akikunja na kukunjua ukingo wa mkeka.

"Mulinifungia kwa sababu ya mikono yangu," akasema. "Ningesema zaota kutu, mungalisema mzee yuwatafuta kisingizio afunguliwe."

Bi Rukia alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Aliiweka chini palepale kizingitini, akajifunika uso kwa upande wa leso. Mimi sikuwa na leso. Nilitoa patasi kikapuni nikaenda kwenye kidaka cha chini.

Saa nzima ilinichukua kubomoa nilichojisifia. Puti ilikuwa imekauka ikawa jiwe, na fremu haikutaka kutoka. Fremu ya kwanza nilipoichomoa, hewa iliyotoka ilikuwa na harufu ya karakana wakati wa mvua. Nilizitoa zote nane nikazipanga mkekani mbele yake. Tano zilikuwa na kutu ya juu juu, na shaba zake zimegeuka kijani, lakini zilikuwa nzima. Mbili zilikuwa zimetoboka. Bi Mkubwa, iliyokaa chini kabisa penye jasho jingi, nilipoinyanyua bati lake lilibaki kwenye vidole vyangu magamba magamba.

Akazipokea moja moja. "Kipara," akasema. Akacheka kidogo alipoigusa dohani niliyoilehemu. Akataja ya pili, ya tatu, zote tano, hata zile mbili zilizotoboka. Kisha nikamtilia Bi Mkubwa mkononi. Aliipapasa kwa mbele na kwa nyuma, akaigeuza. Akaipapasa tena.

"Hii ni ipi, Shee?"

"Bi Mkubwa, Fundi."

Gumba lake likapanda juu, likatafuta.

"Dohani yake i wapi?"

"Imebaki ndani ya kidaka."

"Nipe."

Nikampa. Akaitia mfukoni mwa kanzu. Halafu akamwita mkewe, akamwomba kopo la mafuta na kitambaa, na Bi Rukia akavileta mbio, na mimi nikaondoka kwa sababu sikuweza kukaa.

Kabati la pili nililianza wiki ile ile, uani kwetu, na hili lilikuwa la miguu. Nililifanya la chini, kimo cha kifua cha mtu aliyekaa mkekani, lenye kifuniko cha kioo kilicholala mshazari kama dawati la chuoni, chepesi, kinainuliwa kwa mkono mmoja, hakina komeo. Ndani kila injini ina mfereji wake uliotandikwa blanketi, na kingo ndefu za kuzuia isiteleze. Nyuma nilitoboa matundu. Nililiweka mbali na ukuta, vidole vinne, vya Mistri si vyangu.

Fundi Faraji hakulipokea. Aliligusa, akasema, "Kaa hapa nilipo mimi. Fumba mato. Inua kifuniko, utoe injini moja, uirudishe."

Nilikaa. Kifuniko kilinigonga kidevu. Injini niliyoirudisha ilipanda juu ya ukingo ikalala ubavu. "Rudi nalo," akasema. Nikalirudisha kwetu, nikapandisha kingo, nikahamisha bawaba. Wiki ya pili mkono ulinasa kwenye fremu. "Rudi nalo." Mara ya tatu alisema mifereji imekaribiana. Majirani walinizoea nikipita na kabati mabegani kila Ijumaa, wakawa wananiuliza kama nalipeleka kutembea. Nalikuwa mtu mzima, fundi wa reli, na kila mara nilifumba macho nikashindwa na kitu nilichokiunda mwenyewe.

Mara ya nne kifuniko kiliinuka, mkono ukaingia, injini ikatoka na kurudi mahali pake bila ya kugusa ukingo.

"Tena," akasema. "Toa nyingine. Mato usifumbue."

Niliingiza mkono, nikashika iliyokuwa ya kwanza karibu yangu. Vidole vilikwaruzwa na bati lililolika.

"Ni ipi hiyo?"

"Bi Mkubwa."

"Umeijuaje?"

"Ndiyo niliyoiharibu, Fundi."

Nikasikia anafungua kopo. Kisha kitambaa, kibichi kwa mafuta, kikawekwa juu ya kiganja changu.

"Basi hiyo utaipaka wewe," akasema. "Kila Ijumaa."

Fundi Faraji alifariki kabla miaka ile ya arobaini haijakwisha, na Bi Rukia akanikabidhi kabati. Kazi zote nimezistaafu ila hiyo ya Ijumaa.